Ushahidi wa simu usifike yatima: jibu kwa msaidizi wa kisheria wa Rujewa

SWALI: Shikamoo mwalimu. Sisi ni wasaidizi wa kisheria watano hapa Rujewa, Mbarali. Tuna simu janja tatu na kompyuta mpakato moja ya zamani. Wananchi wanatuletea video na picha: mazao yamelishwa mifugo, nyumba imebomolewa, mama kapigwa. Mwaka jana tulipeleka video kwenye shauri la ardhi ikakataliwa. Wakili wa upande wa pili aliuliza nani kaipiga, tukakosa jibu. Sasa limezuka jipya, kila tukionyesha kitu mtu anasema "hiyo ni AI", yaani imetengenezwa na akili mnemba. Tutumie programu gani, na tujipange vipi ili tusiwaponze wanaotuamini?

JIBU: Marahaba. Nianze na lile swali la wakili, maana ndilo lililowaangusha. Zamani ubishi ulikuwa juu ya kinachoonekana kwenye picha. Leo mtu yeyote mwenye simu anaweza kutengeneza picha ya jambo ambalo halikutokea, kwa hiyo ubishi umehama: imetoka kwa nani, imepita mikononi mwa nani, na nani atasimama aseme "niliipiga mimi". Programu nitazitaja, lakini sehemu kubwa ya kazi hii ni daftari na kuwahi.

Fungueni folda mlimohifadhi ile video muone jina la faili. Kama linafanana na VID-20240817-WA0012.mp4, limeshawasemea kabla hamjafungua mdomo. WA ni WhatsApp, namba inayofuata ni ya foleni tu, na tarehe iliyo kwenye jina ni ya siku simu ilipolipokea faili. Siku ya tukio haimo. Tena WhatsApp ikituma picha kwa njia ya kawaida huibana: picha ya megabaiti 4 hufika ikiwa kilobaiti mia chache, na taarifa zilizokuwa ndani yake, yaani saa ya kupigwa, aina ya simu na vipimo vya GPS, zimefutwa. Mliletewa kivuli mkakipeleka mbele ya baraza kama mtu.

Kwa hiyo kanuni ya kwanza: mwenye picha asitume, aje na simu yake. Nakilini kwa waya wa USB kutoka simu yake kwenda kompyuta yenu, naye akiwa amekaa hapo anaona. Akiwa mbali, tuseme yuko Madibira na nauli hana, mwelekezeni atume kama hati: aguse alama ya kibanio, achague hati badala ya matunzio ya picha, kisha atafute faili lenyewe. Kwa njia hiyo faili hufika kama lilivyo, hata likiwa na ukubwa wa gigabaiti 2. Mwambieni pia asifute la kwake. Wengi hufuta wakishatuma, ili simu ipate nafasi, na hapo asili inakuwa imekufa.

Sheria yenyewe haiwakatai. Kifungu cha 18 cha Sheria ya Miamala ya Kielektroniki ya 2015 kinasema ujumbe wa kielektroniki usikataliwe kwa sababu tu ni wa kielektroniki. Kisha kinataja mambo ya kupimia uzito wake: namna ulivyotengenezwa, kutunzwa na kutumwa, namna ulivyolindwa usibadilike, na namna aliyeutoa alivyotambuliwa. Ukisoma hivyo vipimo taratibu utaona ni maswali yale yale ya wakili wenu. Na kwa vielelezo vya kila aina, Mahakama ya Rufani katika Rufaa ya Jinai Na. 110 ya 2007 ilieleza mnyororo wa utunzaji kuwa ni kumbukumbu za maandishi, kwa mfuatano wa tarehe, zinazoonyesha kielelezo kilivyokamatwa, kilivyotunzwa na kilivyohama mkono hadi mkono. Ile ilikuwa kesi ya jinai, lakini mantiki yake inawafaa ninyi pia.

Hapo ndipo linapoingia daftari. Nunueni kaunta buku lenye jalada gumu na muandike namba kila ukurasa kabla ya kuanza kulitumia. Karatasi isichanwe wala wino mweupe usitumike. Mkikosea, pigeni mstari mmoja juu ya kosa na kuweka sahihi pembeni. Ingizo moja linatosha kuwa fupi hivi: "MBR-014. 17/8, saa 4:20 asubuhi. Kaleta M2, ndiye aliyepiga. Simu Tecno, IMEI inaishia 4471. Faili 3, kwa waya. Flashi A na B. Kapokea:" kisha sahihi ya mpokeaji na ya aliyeleta. IMEI, yaani namba ya utambulisho wa simu, mnaipata kwa kupiga *#06# kwenye simu hiyo. M2 ni nani? Hilo limeandikwa kwenye daftari jingine dogo, linalokaa kwingine, kwa mtu mwingine. Kila flashi ikitoka kabatini kwenda kwa wakili, andikeni nani kaichukua na saa ngapi, na ikirudi vivyo hivyo. Inachosha, nakiri. Lakini siku ya kutoa ushahidi hakuna atakayekumbuka saa 4:20 ya miezi kumi na nne iliyopita.

Siku ile ile ya kupokea, lipeni faili alama yake, inayoitwa hashi. Ni mfuatano wa tarakimu na herufi 64 unaokokotolewa kutoka kwenye faili zima. Ukibadilisha hata nukta moja ya picha, mfuatano wote unakuwa mwingine. Kwenye kompyuta yenye Windows hamhitaji kununua kitu. Fungueni dirisha la amri, andikeni certutil -hashfile, acheni nafasi, wekeni jina la faili na njia yake ndani ya alama za kunukuu, acheni nafasi tena, kisha SHA256. Mkibonyeza Enter mfuatano unatokea. Unakilini kwenye barua pepe na kuituma kwa wakili wenu papo hapo, ili tarehe ya kutumwa ikae mahali ambapo si ninyi mnaopashika. Daftarini andikeni tarakimu nane za mwanzo na nane za mwisho.

Hapa watu hujikwaa. Kubadilisha jina la faili hakuigusi hashi, lakini kuizungusha picha iliyolala ili isimame, kisha kuihifadhi, kunaigusa. Kwa hiyo hashi kwanza, kutazama baadaye, na mnapotazama tazameni nakala. Jambo la pili, hashi haisemi kwamba picha ni ya kweli. Inasema tu kwamba faili la leo ndilo lile la siku ile. Ikikokotolewa miezi sita baada ya tukio, inathibitisha kwamba halijabadilika tangu siku ilipokokotolewa, na ile miezi sita ya mwanzo inabaki ni maneno yenu.

Flashi ziwe mbili, zikae nyumba mbili tofauti. Msinunue ile ya bei ya kutupa pale stendi inayodai gigabaiti 64, maana zipo ambazo ndani ni 8 tu: hupokea mafaili bila kulalamika, kumbe zinaandika juu ya yale ya mwanzo. Kuna programu ya bure, H2testw, inayojaza flashi nzima na kuisoma tena. Kwa flashi kubwa huchukua saa kadhaa, basi iacheni ifanye kazi usiku kabla hamjaiamini. Kisha zifungeni flashi zote mbili kwa VeraCrypt, nayo ni ya bure. Neno la siri liwe maneno matano au sita yasiyohusiana, hata mkichanganya Kisangu na Kinyakyusa ni vizuri zaidi, na walijue watu wawili. Likisahaulika hakuna fundi wa kulifungua.

Kuhusu upigaji wenyewe, wafundisheni wananchi machache. Kwenye mipangilio ya kamera wawashe alama ya mahali, na kwenye simu wawashe tarehe na saa za kujiweka zenyewe, kwa sababu simu iliyozimika betri ikawaka na kuandika 2010 imeshaharibu picha zote za siku hiyo. (Ikitokea, msirekebishe kitu. Andikeni daftarini saa ya simu ilikuwa ngapi na saa halisi ilikuwa ngapi, basi.) GPS haihitaji bando, inahitaji anga. Simameni nje dakika moja au mbili kabla ya kupiga, na jueni kwamba kwenye uwanda inakosea mita 3 hadi 10, ndani ya nyumba ya bati zaidi ya hapo. Kila kitu kipigwe mara tatu: kwa mbali kuonyesha kilipo, kwa kati, na kwa karibu kukiwa na rula au kalamu kando yake kuonyesha ukubwa. Kama ni shamba lililolishwa, anzeni kwenye kitu kisichohama, mfereji au mti mkubwa au nguzo ya umeme, mtembee bila kukata hadi kwenye jaruba lililoharibiwa. Video ya dakika moja kwa ubora wa kawaida wa simu, 1080p, hula megabaiti 100 hadi 130, kwa hiyo dakika tatu za maana zinashinda ishirini za kutikisika.

Mama aliyepigwa ni jambo jingine kabisa, na ningependa mlitenge. Picha ya jeraha haichukui nafasi ya PF3, ile fomu ya polisi ya kwenda nayo hospitali. Kwanza apelekwe kituoni kwenye Dawati la Jinsia na Watoto apate fomu, na hospitali. Kama hali ni mbaya, hospitali itangulie na fomu ifuate. Picha ipigwe siku hiyo, na ipigwe tena baada ya siku moja hadi tatu, kwa kuwa michubuko mingi, hasa kwenye ngozi nyeusi, huonekana vizuri baadaye. Msimrudishie picha kwenye simu yake. Mume anayeshika simu ya mke usiku ataziona, au tayari ameiunganisha WhatsApp ya mkewe na kifaa chake. Mwonyesheni mama jinsi ya kufungua orodha ya vifaa vilivyounganishwa akiwa na ninyi ofisini, aone kuna nini. Lakini kabla hajakiondoa kifaa kigeni, mzungumze kwanza: kukiondoa ni kumwambia mume kwamba amegundulika, na usiku huo mama atalala wapi? Ikiletwa video ya ngono ya mtoto, msiinakili kabisa, hata kwa nia njema. Kuichapisha au kumwezesha mwingine kuipata ni kosa chini ya Sheria ya Makosa ya Mtandao ya 2015. Simu iende polisi ikiwa vile vile ilivyo.

Sasa "hiyo ni AI". Programu zinazodai kutambua picha za akili mnemba msiziegemee. Hukosea pande zote mbili, na zikipewa faili lililobanwa na WhatsApp hukosea zaidi. Mkidaiwa kwamba video ni ya kutengenezwa, jibu lina sehemu nne: faili la asili, simu iliyolipiga, mtu aliyelipiga, na hashi ya siku ile. Mkiongeza picha ya mtu wa pili aliyesimama upande mwingine wa tukio lile lile, mpingaji ana kazi ngumu, kwa sababu kughushi pembe mbili zinazokubaliana kwa vivuli, mawingu na watu waliopita nyuma si mchezo. Kwa hiyo kila tukio ulizeni: nani mwingine alikuwa na simu mkononi?

Na mkiletewa video msiyojua chanzo chake, jihadharini zaidi na udanganyifu wa kizamani, yaani video ya kweli ya nchi nyingine au ya mwaka mwingine iliyobandikwa jina la Mbarali. Huo bado ni mwingi. Simamisheni video kwenye picha tatu au nne zilizo wazi, mzitafute kwa Google Lens na TinEye muone kama ziliwahi kuonekana kabla. Tazameni namba za magari, sare, upande wa barabara, lugha ya vibao. Mkiisambaza kabla ya hapo, kifungu cha 16 cha sheria hiyo ya makosa ya mtandao kinahusu taarifa za uongo, na adhabu yake ni faini isiyopungua shilingi milioni 5 au kifungo kisichopungua miaka 3, au vyote viwili.

Akili mnemba mnaweza kuitumia wenyewe kupanga barua au kufupisha waraka wa wazi. Maelezo ya mashahidi msiyabandike humo, kwani yanakwenda kwenye seva za watu msiowajua. Vifungu vya sheria nayo huvibuni kwa sura ya kujiamini kabisa. New York mwezi Juni 2023 mawakili wawili na ofisi yao walipigwa faini ya dola 5,000 kwa kuwasilisha kesi ambazo hazikuwahi kuwepo. Kila kifungu na kila kesi itafuteni TanzLII, tovuti ya sheria na hukumu za Tanzania, ni bure, msome wenyewe.

Kwa kuwa mko Mbarali, ardhi itaendelea kuwa kazi yenu kubwa, na huko kuna ushahidi ambao hakuna anayeweza kusema mliutengeneza: picha za setilaiti. Sentinel-2, setilaiti za Ulaya, hupita juu ya Usangu takriban kila siku 5 na picha zake ni bure kwenye kivinjari cha Copernicus. Nukta moja ni mita 10 kwa 10, kwa hiyo ekari moja ni kama nukta 40. Majaruba, mifereji na shamba lililosafishwa mtaviona. Nyumba ya udongo ya vyumba viwili itakuwa nukta moja isiyosomeka. Msitafute picha za Januari hadi Aprili mkitegemea mpunga mbichi, mtapata mawingu. Juni hadi Oktoba anga ni safi, na kingo za majaruba zinaonekana hata baada ya kuvuna.

Tatizo linalowakuta wengi ni hili. Mgogoro unaohusu mpaka wa Hifadhi ya Taifa ya Ruaha uliowekwa kwa Tangazo la Serikali Na. 28 la 2008 unahitaji kuonyesha nani alikuwa analima wapi kabla ya 2008, na Sentinel-2 ilianza 2015. Hapo rudini kwenye Landsat, setilaiti za Marekani za tangu zamani, zenye nukta za mita 30. Ekari moja ni nukta nne na nusu tu, haitoshi kwa shamba la mtu mmoja, lakini kwa kitongoji chenye ekari mia mbili inatosha kabisa kuonyesha kilimo kilikuwepo. Kwa hiyo dai la pamoja lina nguvu ambayo dai la mmoja mmoja halina. Picha iambatane na tarehe yake, jina la setilaiti na namba ya picha, ili upande wa pili uweze kuipakua wenyewe. Na kumbukeni kwamba tangu marekebisho ya 2021 baraza la kata linasuluhisha tu. Lisipofanikiwa ndani ya siku 30, shauri huenda Baraza la Ardhi na Nyumba la Wilaya. Kwenye usuluhishi onyesheni nakala, asili isitoke kabatini.

Kuwalinda watu. Simu zenu tatu zifungwe kwa tarakimu sita au zaidi badala ya kidole, maana kidole kinaweza kushikwa kikabonyezwa. WhatsApp iwekewe uthibitisho wa hatua mbili, ili mtu akichonga laini yenu, yaani akitoa laini mpya yenye namba yenu, asiingie. Pigeni *106# muone laini zilizosajiliwa kwa namba zenu za NIDA. Kwa mazungumzo kuhusu mashahidi tumieni Signal na ujumbe wa kujifuta baada ya wiki moja; vielelezo visikae humo. Mkitoa picha hadharani, fichani sura kwenye nakala, kwa umbo jeusi lililojaa kabisa. Kalamu ya kupakia rangi iliyo kwenye simu nyingi inapitisha mwanga kidogo, na mtu akiongeza mng'ao anaona uso ule pale. Kisha tazameni nyuma ya mtu: mstari wa milima, rangi ya mlango, jina la duka, kitenge ambacho kijiji kizima kinajua ni cha nani. Sauti nayo inatambulika.

Ridhaa iwe ya maandishi. Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya 2022, iliyoanza kutumika Mei 1, 2023, inataka hivyo kwa taarifa nyeti, na inawataka wanaokusanya taarifa za watu wajisajili kwenye Tume ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi. Fanyeni hivyo mapema, msisubiri kuulizwa. Fomu iwe na visanduku vinavyojitegemea: naridhia mahakamani, naridhia kwa waandishi wa habari, naridhia kwa mafunzo. Mtu anayesema ndiyo kwa cha kwanza mara nyingi anasema hapana kwa vingine, na fomu yenye sahihi moja kwa yote inamnyima nafasi hiyo.

Intaneti ikizimwa, kama ilivyozimwa nchi nzima kwa siku kadhaa kuanzia Oktoba 29, 2025, mtaendelea kama mmejiandaa: orodha ya namba za wakili, daktari na viongozi kwenye karatasi, simu ya kitochi yenye salio, waya wa kuunganisha flashi na simu, na mtu anayepanda basi kwenda Mbeya mjini. VPN, yaani programu za kupitisha intaneti kwa njia ya siri, zina masharti ya usajili ya TCRA tangu Oktoba 2023, ongeeni na wakili kabla ya kuzitegemea.

Programu mliyoulizia: Tella inatosha. Ni bure, inapiga picha na kuzificha ndani yake zikiwa zimefungwa, na inaweza kuambatanisha saa na mahali. Ipo pia eyeWitness to Atrocities, ambayo picha zake zilitumika kwenye mahakama ya kijeshi Bukavu mwaka 2018. Ni imara, ila imekusudiwa uhalifu mkubwa wa kimataifa, na ng'ombe kuingia jarubani hakumo.

Na ile video iliyokataliwa, msiitupe. Aliyewatumia aliipata kwa nani? Huyo naye? Kwa kawaida ni mikono mitatu au minne hadi kumfikia aliyepiga, na huenda faili la asili bado limo kwenye simu yake, au kwenye kadi ya kumbukumbu aliyoitoa alipobadilisha simu. Mkimpata, mnakili kwa waya mbele yake, hashi siku hiyo hiyo, na aape hati ya kiapo mbele ya wakili ikieleza simu gani, ilikuwa inafanya kazi sawasawa, lini na wapi alipiga, na nani kanakili. Kisha mkamuulize wakili wenu kama hatua lilipofikia shauri inaruhusu ushahidi huo kuingia, kwa mapitio au kwa rufaa, kwa sababu muda wa rufaa unahesabiwa tangu siku ya uamuzi, na huenda umebaki mchache.